Nimeze nini nipate nguvu? Majibu ya maswali yenu kuhusu vitamini na dawa za uchovu

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: mwili mzito, usingizi haushibi, kazi haziendi, na duka la dawa limejaa makopo yaliyoandikwa "nguvu". Kabla hatujaingia kwenye swali la mmoja mmoja, jambo hili lieleweke. Vitamini yenyewe haina nguvu ndani yake. Nguvu ya mwili inatoka kwenye ugali, wali, ndizi, maharage na mafuta. Vitamini za kundi B na madini kama chuma ni kiberiti cha kuwashia kuni hizo. Kiberiti kikikosekana, kuni zinakaa tu jikoni. Lakini moto ukishawaka, kuongeza viberiti kumi hakuongezi moto. Ndiyo maana kila jibu hapa chini linaanza kwa kutafuta kitu kimoja: umepungukiwa nini?

"Shikamooni. Nina miaka 34 na watoto watatu, nauza nguo mnadani. Nikipanda ngazi moyo unaenda mbio, nywele zinakatika, na siku hizi natamani udongo wa pemba kama nina mimba, na mimba sina. Zahanati walipima damu wakasema 9.6, wakanipa vidonge vya chuma, FEFO. Nilimeza wiki mbili na chai ya maziwa asubuhi, choo kikawa kigumu na cheusi, nikaogopa nikaacha. Nimerudi kwenye multivitamini, huu mwezi wa tatu, uchovu uko palepale. Hedhi yangu inakwenda siku nane. Nifanyeje?" (Mama, Morogoro)

Marahaba, mama. Dawa uliyoacha ndiyo uliyokuwa unaihitaji, na uliyorudia haina kitu unachokosa. Vile vidonge vya multivitamini vya bei nafuu vinavyohesabiwa kwenye bahasha huwa na vitamini A, C, D na chache za kundi B. Chuma mara nyingi hamna kabisa. Soma kopo lenyewe uone.

Kwa mwanamke asiye mjamzito, wingi wa damu (himoglobini) chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Wewe una 9.6. Tamaa ya kula udongo wa pemba nayo ni dalili ya zamani ya kupungukiwa chuma, na ubaya wake ni kwamba udongo huo unaweza kukikamata chuma tumboni kisiingie mwilini. Tafadhali uache.

Sasa tazama hesabu ya hedhi. Mililita 1 ya damu inabeba karibu miligramu 0.5 za chuma. Mwanamke anayepoteza mililita 80 kwa mwezi, kiwango ambacho wataalamu huanza kukiita hedhi nyingi, anapoteza miligramu 40. Mlo wa mchicha na maharage hauwezi kurudisha kiasi hicho kwa wepesi, kwa sababu chuma cha mimea kinaingia mwilini kidogo sana. Kama unalowanisha pedi kila saa moja au mbili, au unatoa mabonge, mwambie daktari akupime kizazi kwa picha ya utrasaundi. Fibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi, ni sababu ya kawaida, na bila kuishughulikia utakuwa unajaza ndoo iliyotoboka.

Kidonge kimoja cha FEFO huwa na feras salfeti miligramu 200, ambayo ndani yake chuma halisi ni kama miligramu 60 hadi 65, pamoja na asidi ya foliki kidogo. Kosa lilikuwa chai. Majani ya chai yana tanini inayoshikana na chuma, na kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma kinachoingia. Maziwa nayo yana kalisi inayoshindania mlango uleule. Chai yako ya maziwa ilikuwa imefunga njia mara mbili.

Rudia hivi. Meza kidonge kimoja tumbo likiwa tupu, kwa maji, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Kula chungwa au pera papo hapo, au kamulia ndimu kwenye yale maji. Vitamini C inakibadilisha chuma kikawa cha kupita kirahisi. Chai, kahawa na maziwa visogezwe mbali kwa saa mbili. Kikikutia kichefuchefu, kimeze usiku kabla ya kulala, au pamoja na chakula kidogo kisicho na maziwa; utapoteza sehemu ya chuma lakini ni afadhali kuliko kuacha.

Choo kuwa cheusi ni kawaida, ni chuma kilichobaki kinatoka. Cha kuogopa ni choo cheusi kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu kali. Hicho ni damu. Kwa choo kigumu ongeza maji, papai na mboga. Kikizidi, mwombe mhudumu wako akupangie kidonge kimoja siku moja, kesho yake unapumzika. Ukimeza chuma, ini linatoa homoni iitwayo hepsidini ambayo hufunga mlango wa chuma kwa karibu siku nzima, kwa hiyo dozi inayofuata upesi inaingia kidogo na nyingi inabaki kuusumbua utumbo. Meza vya kutosha, usimeze vingi.

Pima tena baada ya wiki 4. Damu ikipanda kwa 1 au 2, uko njiani. Isipopanda kabisa na umemeza vizuri, tatizo si chuma pekee: choo kipimwe minyoo ya safura, mkojo kichocho, na uulizie pia kipimo cha selimundu. Mwenye selimundu hapewi chuma kwa kubahatisha. Damu ikifika 12 usiache siku hiyo. Endelea miezi 3 zaidi ili ghala lijae, la sivyo baada ya hedhi mbili tatu utarudi ulipoanzia.

"Tangu nianze B komplex mkojo umekuwa wa njano kali unaong'aa. Figo zinaharibika?" (Mwanafunzi, Dodoma)

Hapana. Hiyo ni vitamini B2, ambayo rangi yake ya asili ni njano. Mwili unahitaji kama miligramu 1.3 kwa siku. Kidonge chenye mara kumi au ishirini ya hizo kinazidi uwezo wa mwili kukitumia, na ziada inaondoka kwa mkojo. Ni fedha yako unayoiona chooni. Mkojo wa rangi ya chai kavu au wenye wekundu ndio wa kupeleka hospitali upesi.

"Baba yetu ana miaka 58. Amekonda kidogo, anachoka, na kipimo kilionyesha damu 8.4. Tunampa juisi ya rozela na biiti lita nzima kila siku, mwezi wa pili sasa. Tuongeze nini?" (Binti, Tanga)

Msiongeze kitu, mwanetu. Mpelekeni hospitali wiki hii.

Wekundu wa biiti ni rangi ya mmea, haugeuki damu. Gramu 100 za biiti zina chuma kisichofika miligramu 1, tena cha mimea. Gramu 100 za maini ya ng'ombe zina kama 5 hadi 6, na chuma cha nyama kinaingia mwilini kwa urahisi zaidi. Rozela ni kinywaji kizuri, ila inaweza kushusha presha kidogo. Kama mzee anameza dawa za presha, lita nzima kwa siku ni nyingi. Na sukari mnayotia humo nayo ihesabuni.

Lakini la msingi si juisi. Mwanaume hana hedhi. Kiwango chake kinapaswa kuwa 13 au zaidi. Mwanaume wa umri huo akifika 8.4, ama damu inatoka mahali bila kuonekana, ama haitengenezwi. Mwulizeni kwa utaratibu, maana wazee huona haya kusema: choo kimekuwa cheusi kama lami? Kimebadilika, mara kigumu mara laini? Anameza diklofenaki, aspirini au ibuprofeni kwa ajili ya mgongo na magoti? Dawa hizo zikitumika kwa muda huchubua tumbo, na kidonda kinaweza kuvuja taratibu miezi mingi bila maumivu makali.

Mkifika, ombeni picha kamili ya damu na mwangalie sehemu iliyoandikwa MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu. Zikiwa ndogo, chini ya 80, mara nyingi ni chuma. Zikiwa kubwa, juu ya 100, fikirieni vitamini B12, foliki, pombe au ini. Kipimo cha ferritini kinaonyesha ghala la chuma. Chini ya 15 hakuna ubishi, ghala ni tupu. Figo zipimwe, choo kipimwe damu iliyojificha na minyoo. Ikithibitika ni chuma, mzee anahitaji kipimo cha kamera, tumbo na utumbo mpana, kwa sababu saratani ya utumbo huanza hivihivi: kukonda, kuchoka, damu kushuka. Ikiwahiwa inatibika. Mzee akianza chuma na juisi damu ikapanda, kila mtu atafurahi na uvimbe utabaki ndani unakua.

"Naendesha boda usiku, naingia saa mbili naachia saa kumi na moja alfajiri. Nakunywa enaji drinki tatu za chupa. Zinasema zina vitamini B na taurini. Siku hizi hazinishiki tena, na nikilala asubuhi moyo unadunda. Kuna vitamini ya kubadilisha?" (Dereva, Kahama)

Ndugu, kinachokuamsha humo ni kafeini. Vitamini zimewekwa kwenye lebo kukutuliza roho. Geuza chupa usome: nyingi zina kafeini miligramu 30 hadi 32 kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 400 ni kama 120, na tatu ni 360. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango cha juu kwa siku ni 400, na hapo hujahesabu chai wala kahawa. Sukari ni kama gramu 11 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa tatu zinakupa zaidi ya gramu 130. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isipite kama gramu 50 kwa siku nzima.

Kafeini haitengenezi nguvu. Ubongo ukiwa macho unajikusanyia kitu kiitwacho adenosini, kile kinacholeta uzito wa macho. Kafeini inakalia kiti cha adenosini, lakini adenosini yenyewe inaendelea kujikusanya nje ya mlango. Kafeini ikiondoka, deni lote linaingia kwa mpigo. Ukiitumia kila siku ubongo unaongeza viti, na ndiyo maana chupa tatu za leo zinafanya kazi ya moja ya mwaka jana. Nusu ya kafeini bado iko kwenye damu baada ya saa tano hivi. Chupa ya saa tisa usiku bado inafanya kazi saa mbili asubuhi ukiwa kitandani, na huo ndio mdundo wa moyo unaousikia.

Punguza nusu chupa kila baada ya siku tatu nne. Ukiacha ghafla kichwa kinaweza kukuuma siku kadhaa. Baki na moja, mwanzo wa zamu, na isipite saa sita usiku. Uzito ukikubana sana, egesha pikipiki mahali salama, kunywa kikombe kimoja cha kahawa halafu lala dakika 15 hadi 20 hapo hapo. Kahawa inaanza kushika kama dakika 20 baadaye, kwa hiyo unaamka navyo vyote viwili, usingizi na kahawa. Weka kengele ya simu; ukipitiliza nusu saa unaamka mlevi wa usingizi. Kula kabla ya zamu kitu kinachokaa tumboni, wali na maharage au ugali na dagaa, na beba maji. Mchana funika dirisha kwa kitambaa kizito, zima simu, lala saa saba.

Usichanganye enaji drinki na mirungi wala na konyagi. Mirungi inausukuma moyo kule kule kafeini inakoupeleka. Pombe nayo inalewesha vilevile, ila kafeini inakuficha usijue umelewa, na uko juu ya pikipiki na abiria nyuma. Kama moyo unadunda hata siku usiyokunywa, au umewahi kuzimia, nenda ukapimwe moyo.

"Nina kisukari mwaka wa tisa, nameza metformini asubuhi na jioni. Miguu inakufa ganzi na nyayo zinawaka usiku, nguvu zimeniisha. Kuna mahali mtaani wanatundika dripu nyekundu ya vitamini, ukitoka unajisikia vizuri siku mbili. Pia nanunua vidonge vya neva vyenye B1, B6 na B12. Naendelea?" (Mstaafu, Mombasa)

Mzee wetu, shikamoo. Barua yako ina mambo matatu, na mojawapo ni la maana sana.

La maana ni metformini. Dawa hiyo ni nzuri na usiiache, lakini ikitumika miaka mingi inapunguza uingiaji wa vitamini B12 mwishoni mwa utumbo mwembamba. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu unakuja polepole, mwaka wa tano, wa saba, na dalili zake ni zile zile za kisukari kwenye neva: ganzi, kuwaka moto, kuyumba gizani. Watu wengi huambiwa "ni sukari tu hiyo" wakaachwa. Omba B12 ipimwe kwenye damu, pamoja na picha kamili. Omba hata kama wingi wa damu ni mzuri, kwa maana neva zinaweza kuumia kabla damu haijashuka.

Ukikutwa umepungukiwa na tayari una ganzi, daktari kwa kawaida huanza na sindano za B12, haidroksokobalamini maikrogramu 1,000, kila baada ya siku moja au mbili kwa wiki za mwanzo, kisha moja kila miezi 2 au 3. Baadaye, au kwa upungufu mdogo, vidonge vya maikrogramu 1,000 kila siku vinatosha. Usishangae ukubwa wa dozi wakati hitaji la siku ni maikrogramu 2.4: mlango wa kawaida ukiharibika, kama asilimia 1 tu ndiyo inayojipenyeza yenyewe, na asilimia 1 ya 1,000 ni 10. Usimeze asidi ya foliki nyingi kabla B12 haijapimwa. Foliki itarekebisha damu, kila kitu kitaonekana kizuri kwenye karatasi, na neva zitaendelea kufa chini yake.

Kwenye vidonge vya neva, soma namba iliyo mbele ya B6. Hitaji la siku halifiki miligramu 2. Baadhi ya vidonge hivyo vina 100 au 200 kwa kila kimoja, na B6 ikizidi kwa miezi mingi yenyewe huleta ganzi miguuni. Ulaya wataalamu wao wameweka mwisho wa miligramu 12 kwa siku, Marekani 100. Unatibu ganzi kwa kitu kinacholeta ganzi, ganzi inazidi, unaongeza kidonge. Simamisha hivyo hadi upimwe.

Ile dripu ni nyekundu kwa sababu B12 ni nyekundu kama juisi ya komamanga. Tone moja linapaka chupa nzima. Maji yenyewe mara nyingi ni deksitrosi ya asilimia 5. Chupa ya mililita 500 ina gramu 25 za sukari, chini ya ile iliyomo kwenye soda moja, na wewe ni mgonjwa wa sukari. Wepesi unaousikia siku mbili ni maji, sukari, na kulala saa nzima bila kusumbuliwa. Hatari ni sindano isiyo safi, mshipa kuvimba, vijidudu kuingia moja kwa moja kwenye damu. Kama ni B12 unayohitaji, sindano moja ya msulini inakupa bila hayo yote.

Vyakula vyenye B12 ni vya wanyama tu: maini, samaki, dagaa wanaoliwa wazima, mayai, maziwa. 

"Rafiki alinipa sharubati ya hamu ya kula yenye vitamini, ninenepe na niwe na nguvu. Nimenenepa kilo nne kwa wiki sita lakini nalala darasani. Kuna na vidonge vidogo vya kumeza pamoja, havina jina." (Binti wa miaka 20, Kampala)

Mdogo wetu, soma kama kwenye chupa imeandikwa siproheptadini. Hiyo ni dawa ya mzio. Inazima histamini kwenye ubongo, na matokeo yake ni mawili: njaa na usingizi. Vitamini zilizomo ni msindikizaji. Iache. Hamu ya kula itashuka na sehemu ya zile kilo itaondoka; usirudie kwa hofu hiyo.

Vidonge visivyo na jina vinatutisha zaidi. Vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwa kuhesabiwa mara nyingi ni deksamethasoni, dawa kali ya kundi la steroidi. Inajaza uso ukawa duara, inapandisha sukari na presha, inalegeza misuli ya mapaja. Na ukishaimeza zaidi ya wiki 3 usiiache ghafla: tezi zilizo juu ya figo zimeshasahau kutengeneza homoni yake, na mwili unaweza kuanguka kwa kutapika, presha kushuka na kuzimia. Beba vidonge vyenyewe mkononi, nenda kwa daktari, akupangie kupunguza kidogo kidogo. Kuna haya katika kusema nilikuwa nanenepesha mwili. Kuwe nayo, lakini sema.

Ukitaka kilo za kweli: uji wa unga ulioongezwa virutubisho, uliotiwa kijiko cha siagi ya karanga na maziwa, mara mbili kwa siku juu ya milo yako, na mazoezi ya kubeba uzito mara tatu kwa wiki.

"Natumia dawa za ARV zenye dolutegraviri. Naweza kumeza multivitamini na chuma?" (Msomaji, Bukoba)

Unaweza, kwa kupanga saa. Chuma, kalisi, magnesi na zinki hushikana na dolutegraviri tumboni, dawa isiingie vya kutosha, na virusi vikapata nafasi. Meza ARV kwanza, subiri angalau saa 2 ndipo umeze chuma au multivitamini yenye madini. Ukianza na madini, subiri saa 6 kabla ya ARV. Njia nyingine kwa chuma na kalisi ni kuvimeza pamoja na ARV katikati ya mlo kamili, kamwe si tumbo tupu. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini hazina ruhusa hiyo, zifuate saa tu. Mwambie mhudumu wa kliniki yako kila kitu unachomeza, hata cha mitishamba.

Tuongeze hapa kwa wajawazito wanaopewa SP ya malaria: asidi ya foliki ya miligramu 5 inadhoofisha SP. Tumieni ile ya 0.4 iliyomo kwenye vidonge vya kliniki, msijiongezee ya dukani.

"Niko Birmingham mwaka wa nne, kazi za zamu ghalani. Kila msimu wa baridi mifupa inauma, mapaja hayana nguvu kupanda ngazi, moyo mzito. Nyumbani Zanzibar sikuwa hivi. Vitamini gani?" (Kaka, Uingereza)

Anza na vitamini D, na hapa tunasema meza hata kabla ya kupima. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la Uingereza liko chini mno angani, miale inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi haifiki, hata siku ya jua kali la kuchoma macho. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kile kile. Wizara ya afya ya huko inashauri watu wote maikrogramu 10, yaani IU 400, kila siku katika miezi hiyo, na wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mwaka mzima. Uchunguzi uliochapishwa 2012 kwa Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania ulikuta wastani wa vitamini D wa nanomoli 115 kwa lita ya damu. Uingereza, upungufu ni chini ya 25. Huenda ndiyo tofauti unayoisikia kwenye mapaja.

Meza pamoja na mlo wenye mafuta, maana inayeyuka kwenye mafuta. Chagua D3. Kwa kuwa tayari mifupa inauma, mwambie daktari wako wa eneo apime. Ukikutwa chini sana utapewa dozi kubwa za wiki kadhaa. Usijipe mwenyewe zaidi ya maikrogramu 100, IU 4,000, kwa siku. Vitamini D haitoki kwa mkojo kama za kundi B, inajilimbikiza, inapandisha kalisi kwenye damu na kuumiza figo. Dada zetu wanaovaa baibui na kufanya kazi ndani, iwe Muscat au Dubai, nao huwa chini pamoja na jua lote lile.

Moyo mzito usioondoka hata machipuko yakiingia, na kazi ya usiku, viseme vyote kwa daktari huyo huyo. Vitamini D haitibu sonona.

"Mtoto wangu wa miaka miwili na nusu alifungua kopo la FEFO za ujauzito wangu, sijui amekula ngapi. Alitapika kidogo kisha akacheza kama kawaida. Ilikuwa juzi na yuko salama. Ningefanya nini?" (Mama kijana, Kigoma)

Tunashukuru yuko salama. Siku nyingine usisubiri hata dakika kumi. Mtoto wa kilo 12 anaweza kuanza kuumwa kwa vidonge 4, na vidonge 11 au 12 vinaweza kumuua. Vina rangi na sukari nje, kwake ni pipi.

Sumu ya chuma inadanganya. Saa 6 za mwanzo anatapika na kuhara, pengine na damu. Kisha anatulia, anacheza, mama anapumua. Ndani, chuma kinaendelea kuunguza ini, na baada ya saa kadhaa, hata siku nzima, anaweza kuanguka ghafla. Utulivu ule usikurudishe nyumbani. Usimtapishe kwa kidole wala maji ya chumvi, na mkaa hausaidii, haukishiki chuma. Hesabu vidonge vilivyobaki, kumbuka ulipewa vingapi na umemeza vingapi, toa, upate idadi. Mbebe mtoto, chukua na kopo lenyewe, nenda hospitali yenye maabara. Kama tangu juzi amelegea, macho yamekuwa ya njano au anatapika tena, mpeleke leo hii.